Vyuo Vilivyovuka Bahari

Jumamosi moja mwaka jana nilikwenda Tandika kununua bawaba za mlango, nikarudi nyumbani Mbagala bila bawaba. Aliyenizuia ni kijana aliyetandika turubai kando ya njia na kupanga juu yake vitabu vikuukuu: hesabu za shule ya msingi, vijitabu vya dini, riwaya zilizopoteza majalada, na kitabu kimoja cha sarufi ya Kiswahili ambacho wasomaji wa umri wangu wangekitambua kwa rangi yake tu. Nilikifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mhuri wa maktaba ya shule, na ndani, katika ukurasa wa siri ambao wakutubi huupiga mhuri wa pili ili kumnasa mwizi, mhuri ule ule ulikuwa bado unasomeka. Nilipomuuliza vitabu vyake hutoka wapi, alinijibu kwa adabu: "Vinaletwa kwa kilo, mzee wangu. Visipouzika tunawapa wauza karanga."

Nilikinunua. Ndani ya daladala nikawa namlaani kimoyomoyo mtu asiyejulikana aliyekitoa kitabu kile rafuni. Tulipofika Mtongani laana ilikuwa imenirudia. Nyumbani kwangu, katika rafu ya juu, kulikuwa na Diwani ya Muyaka, chapa ya Johannesburg ya mwaka 1940, yenye mhuri wa shule ya Kinondoni nilikofundisha nikiwa kijana. Nilikiazima mwaka 1988. Mwaka uliofuata nilihamishwa, na kitabu kikahama nami. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimewaonyesha wageni wangu kitabu hicho kwa fahari, wala hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za mhuri.

Makala haya yametokana na aibu hiyo. Nilitaka kuandika juu ya wizi wa vitabu adimu na miswada ya Kiswahili, na jinsi mali hiyo ilivyofika ilipo. Nikaona si haki kuanza na wezi wa mbali.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili cha zamani, hasa cha kaskazini, chuo kilikuwa kitabu. Ndiyo maana utenzi mkubwa wa vita vya Mtume na Kaisari wa Rumi, uliotungwa na Mwengo bin Athumani wa Pate, Carl Meinhof aliuchapisha Ujerumani mwaka 1911 kwa jina la Chuo cha Herkal. Baadaye neno likahama kutoka kitabu kwenda mahali pa kusomea kitabu, na sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tukasahau kwamba tuliwahi kusoma ndani ya jina la kitabu. Nitalitumia hapa kwa maana yake ya kale, kwa kuwa vyuo ninavyovizungumzia vilikuwa vitu vya kushikwa mkononi: karatasi, wino mweusi na mwekundu, na khati ya Kiarabu iliyobebeshwa sauti za Kiswahili.

Chuo cha Herekali kilivukaje bahari? Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miaka kumi baadaye miswada aliyoipata pwani ilikuwa imekwisha pelekwa Halle, katika maktaba ya jumuiya ya Wajerumani ya taaluma za Mashariki. Hapakuwa na bunduki wala mnada. Mtu mwenye kiu ya lugha aliomba, akapewa au akauziwa, akafunga mzigo. Kwa Krapf nina shukrani yenye mchanganyiko. Kamusi yake iliyotoka London mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki, naifungua kila nikwamapo katika neno la Kimvita. Lakini mwanafunzi wa Pate anayetaka kuona nuskha za kale za utenzi uliotungwa Pate imempasa, kwa zaidi ya karne moja na nusu, awe na nauli ya Ujerumani.

Vingine vimeondoka kwa njia zenye heshima zaidi kwa sura. Barua za Kiswahili za kale zaidi tunazozijua, zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu Kilwa mwaka 1711, wakati wa Mfalme Fatima, zimehifadhiwa Goa, nchini India. Hizo hazikuibwa na mtu; barua huenda kwa mwandikiwa, na mwandikiwa wakati ule alikuwa Mreno. Tarehe ya Kilwa kwa Kiarabu, ile inayosimulia wafalme wa Shirazi, iko London: Sayyid Barghash alimpa nuskha balozi John Kirk, na Kirk akaifikisha katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Hiyo ni zawadi ya mfalme. Nani atamdai mpewa zawadi? Ingawa mtu aweza kuuliza mfalme alikuwa na nafasi gani ya kumnyima Kirk jambo lolote katika miaka ile ya 1870, meli za kivita zikiwa zimetia nanga mbele ya baraza lake.

Na kuna vile ambavyo havikuvuka bahari wala kubaki. Tarehe ya Pate tunayoisoma leo imetokana na masimulizi na nuskha za Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabahani, walizozipata Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu cha asili, inasimuliwa, kiliteketea Witu mwezi Oktoba 1890, jeshi la wanamaji la Admirali Fremantle lilipoupiga na kuuchoma mji wa Fumo Bakari. Nikilinganisha moto wa Witu na rafu ya Halle, shukrani yangu kwa Krapf inaongezeka kidogo, na hilo linanikera. Hoja ya kwamba wao walitutunzia ndiyo hoja ipendwayo na kila mwenye mali ya watu, na ubaya wake ni kwamba mara nyingine ni ya kweli.

Msomaji akitaka kuona wizi wa vitabu usio na shaka katika upande wetu wa Afrika, atazame Maqdala. Mwezi Aprili 1868 jeshi la Waingereza liliiteka ngome ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia, na Tewodros akajiua. Jeshi lilifuatana na mtu wa makumbusho, Richard Holmes, aliyekuja na fedha za kununulia vitu vya kale. Ngawira ilibebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200 hadi uwanda wa Dalanta, ikanadiwa kwa muda wa siku mbili, na fedha wakagawana askari. Miswada karibu 350 iliingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mwaka 1872 Mfalme Yohannes wa Nne aliandika London kwa upole akiomba vitu viwili: kitabu cha Kebra Nagast, na picha takatifu ya Kristo mwenye taji la miiba. Kitabu alirudishiwa. Picha, akaambiwa, haionekani. Ilikuwa kwa Holmes mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha pewa kazi ya kutunza maktaba ya malkia katika ngome ya Windsor, na ilibaki kwake hadi alipokufa.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu ya cheo cha mtu yule. Katika historia ya wizi wa vitabu, mwizi mkubwa si yule avunjaye dirisha. Ni mwenye ufunguo. Ufaransa ya karne ya 19 ilimpa Guglielmo Libri, mwanahisabati msomi, kazi ya kuorodhesha miswada ya maktaba za umma nchini kote. Akaiorodhesha na kuichukua, na mwaka 1848 akakimbilia London na masanduku yaliyojaa. Marekani, mwaka 2005, mfanyabiashara wa ramani za kale aliyeheshimika sana, Forbes Smiley, alinaswa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale baada ya mhudumu kuona kisu kidogo kimeanguka sakafuni. Alikiri kuchukua ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali. Wakutubi walikuwa wakimletea vitabu mezani huku wakitabasamu, maana walimjua.

Wembe haukuishia Yale. Miaka ya nyuma, nikitafuta makala ya zamani katika majarida ya Kiswahili kwenye maktaba moja ya jiji hili, nilifungua jarida nikakuta kurasa nane zimekatwa kwa ustadi karibu na mshono. Jedwali la yaliyomo lilikuwa limebaki zima, likinitajia jina la utenzi ambao haumo. Aliyekata, bila shaka, alikuwa mpenzi wa ushairi. Mtu asiyejali mashairi hana haja ya kurasa nane za utenzi. Angekwenda na jarida zima akafungie vitumbua.

Sasa nije kwa mtu ambaye kisa chake kinavuruga hukumu zangu zote: Muhamadi Kijuma wa Lamu. Alizaliwa katikati ya karne ya 19, akafariki mwaka 1945. Alikuwa mchonga milango na masanduku, mpiga ala, mtunzi, na juu ya yote mwandishi wa khati nzuri. Wazungu waliokuja Lamu wakitafuta tendi walielekezwa kwake: Alice Werner kabla ya Vita vya Kwanza, kisha William Hichens kwa barua, kisha Mjerumani Ernst Dammann aliyekaa Lamu mwaka 1936 na 1937. Mwaka 1913 Kijuma aliandika utendi wa Fumo Liongo. Aliwanakilia wateja wake tendi za kale, akazipamba kurasa za mwanzo kwa nakshi kama za milango yake, akatia ufafanuzi wa maneno magumu, akalipwa. Utenzi mmoja aliweza kuunakili mara nyingi, kwa wateja tofauti, na nuskha zake hazilingani: hapa beti imeongezwa, pale neno la Kiamu limelainishwa ili mgeni aelewe.

Watu hunena kwamba miswada ya Lamu iliporwa. Je, Kijuma aliporwa? Alikuwa fundi mwenye soko. Alijua thamani ya kazi yake, na katika barua zake kwa Wazungu habari ya malipo haikosekani. Nikimtazama hivyo, naona kwamba sehemu ya ile mali ya kale iliyoko London na Hamburg haikuwa ya kale hata kidogo ilipoondoka: wino wake ulikuwa wa juzi, umeandikwa kwa agizo, kwa ajili ya safari. Chuo cha babu, kile Kijuma alichonakili kutokana nacho, mara nyingi kilibaki Lamu, kikaliwa na mchwa au kikagawanywa na warithi. Mgeni alikwenda na nakala, na nakala ndiyo iliyoishi.

Bei ndiyo inayonikaa rohoni. Kijuma alilipwa ujira wa mwandishi. Leo mswada wa Kiswahili wa khati ya Kiarabu ukitokea mnadani Ulaya, anayelipwa ni mwenye sanduku. Wafanyabiashara wa vitabu adimu wana mizani yao, na si siri: toleo la kwanza hupita matoleo mengine, jalada la karatasi likiwapo bei hupanda, doa la maji huishusha, saini ya mtunzi huipandisha tena. Lakini jambo wanalolitazama kuliko yote, au wanalopaswa kulitazama, ni nasaba ya kitabu. Nani alikuwa nacho kabla ya huyu? Na kabla ya yule? Kitabu chenye nasaba safi huuzwa mchana. Kitabu chenye mhuri wa maktaba huulizwa swali: je, maktaba yenyewe ilikiondoa kwa hiari? Maktaba inayokiondoa kitabu kwa haki hupiga mhuri mwingine wa kukitangaza huru. Mwizi anajua hayo, ndiyo maana hukwangua mhuri, huchana ukurasa wa mwanzo, hubadili jalada. Kitabu kisicho na ukurasa wa mwanzo ni kama mtoto aliyeokotwa: huruma hutangulia, maswali huja baadaye.

Wazee wetu walikuwa na kinga yao, nayo ilikuwa ya maneno matupu. Ni wakfu. Mtu aliandika mwanzoni mwa kitabu kwamba amekitoa kwa msikiti fulani au kwa wanafunzi wa mji fulani, hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Maktaba ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyokua chini ya Habib Saleh na wanawe, ina vitabu vyenye wakfu wa namna hiyo, na miswada yake imepigwa picha za kidijitali kwa ufadhili wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Picha zimekwenda London. Vitabu vimebaki Lamu. Huo, kwa maoni yangu, ndio mpango ambao Krapf angeweza kuufanya kama kungekuwa na kamera mfukoni mwake.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyofanywa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na inautaja kwa jina mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Nimeipenda sana ile ibara ya mlango. Kijuma angeipenda pia, kwa kuwa milango yake ingeingia humo. Tendi zake za mwaka 1913 zisingeguswa na mwaka 1863, wala utendi si mlango.

Nisije nikaonekana nasema kwamba nyumbani hatuna kitu. Miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada na kunasa sauti za wasomaji wa tendi, na mkusanyo ule uko Dar es Salaam, katika maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Nimewahi kukaa mbele ya baadhi ya karatasi hizo. Kutoka Mbagala ni safari ya daladala mbili, na niwaulizapo walimu vijana wa Kiswahili wangapi wamewahi kuifunga safari hiyo, hupata jibu la kunyamaza. Kuidai Hamburg ni rahisi kuliko kwenda Mlimani.

Nirudi rafuni kwangu. Nilipoitazama upya ile Diwani niliona kwamba kitabu hicho kimoja kimebeba njia zote nilizozieleza. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa, akafariki mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vinywani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, Mmvita msomi, aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akampa mmisionari William Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor, baada ya kifo chake mwaka 1927, zikaingia katika Chuo cha Taaluma za Mashariki, London. Hichens akazichambua, akapeleka kitabu Johannesburg, na jina lake likakaa mbele kama mhariri. Hapakuwa na hatua yoyote ambayo mtu angeita askari. Kila aliyepokea alikuwa amepewa. Nakala moja ikavuka tena, ikaja hadi shule ya Kinondoni, na hapo, baada ya safari ya miaka mia moja bila mwizi, ikakutana nami.

Mwezi Machi nilikirudisha. Nilivaa koti, sijui kwa nini. Shule imejengwa ghorofa, na chumba kilichokuwa maktaba ni ofisi ya uhasibu. Vitabu viko katika kabati mbili nyuma ya jukwaa la ukumbi. Anayezitunza ni mwalimu binti, mpole, wa umri wa mjukuu wangu mkubwa. Nilimweleza. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akashangaa tahajia ya zamani, akasoma ubeti mmoja kwa sauti na kukwama katika neno la pili. Nikamsaidia. Rejesta ya miaka ile, alisema, haipo. Yeye mwenyewe hajawahi kuiona.

Kisha akatoa daftari jipya, akauliza jina langu, akaandika mstari mmoja kwa mwandiko mzuri na kunigeuzia nitie saini. Ameandika: Zawadi ya mwalimu mstaafu.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Futa zawadi. Andika kiliazimwa mwaka 1988."

Alinitazama kama anayeogopa kumvunjia mzee heshima. "Mwalimu, na safu ya aliyeazima niandike nani?"

Nikamtajia jina langu, herufi kwa herufi, naye akaandika.